Kabla ya kupandisha sola juu ya bati, tafuta giza la nyumba liko wapi

Ukitoka Omurushaka kuelekea Nkwenda, kisha ukaendelea Kaisho hadi Murongo mpakani na Uganda, utaona paneli ya sola imekuwa sehemu ya nyumba kama ilivyo migomba. Nyingine ni ndogo kama sinia, imelazwa juu ya bati na kufungwa kwa waya. Nyingine ni kubwa, imepandishwa kwenye fremu ya chuma na kukazwa kwa boliti. Ipo juu ya maduka, juu ya vibanda vya kunyolea, na juu ya nyumba ambazo bado hazijapigwa plasta.

Umeme wa nguzo nao umesogea. Katika wilaya ya Karagwe, na Kyerwa iliyozaliwa kutoka Karagwe mwaka 2012, vijiji vingi vimefikiwa, na ada ya kuunganishiwa kijijini ya shilingi 27,000 imewasaidia wengi. Lakini nguzo ikifika kijijini haina maana kwamba imefika kila kitongoji, na anayelipa ada bado anahitaji fedha za kutandaza waya ndani. Hata waliounganishwa, wengi hawakuishusha sola. Wanaiacha palepale kwa ajili ya usiku ambao umeme hukatika.

Kwa hiyo swali la wazazi wengi wa huku si kama sola ni nzuri. Ni kiasi gani kinunuliwe, kifungwe wapi, na nani ndani ya nyumba atafaidi. Swali hilo la mwisho ndilo huleta maneno kati ya baba na mama.

Fedha ya kahawa na televisheni

Familia moja ya upande wa Nkwenda ilifikia uamuzi wa kununua sola baada ya mabishano ya karibu mwaka mzima. Ndani ya nyumba wapo baba, mama, bibi mzaa baba, na watoto wanne. Wa kwanza ni msichana aliyekuwa darasa la saba, na mtihani wao hufanyika mwezi Septemba.

Baba alitaka kuanza mapema. Kahawa ikiwa bado changa mtini, alikuja mtu akiwa na fedha mkononi, tayari kuinunua kwa njia ya butura. Kila mkulima wa Kagera anaijua butura: unapewa fedha leo, na kahawa itakapoiva si yako tena. Bei huwa ya chini sana, na mwenye shida huwa hana nguvu ya kubishana. Baba alipiga hesabu ya paneli, betri na televisheni, akaona inatosha.

Mama hakukubali. "Baba watoto, tukae gizani miezi mitano mingine kuliko kumuuzia mtu jasho la mwaka kwa ajili ya televisheni," alisema. Bibi, ambaye kwa kawaida haingilii mambo ya fedha, alimuunga mkono mkwewe. Baba alinuna siku mbili, kisha akamrudisha yule mtu mikono mitupu. Wakasubiri kahawa iive, ikakaushwa, ikapelekwa chama cha msingi, na malipo yakaja.

Hapo ndipo alipoitwa fundi kutoka Omurushaka. Baba alimpokea na orodha tayari: taa ya sebuleni, taa ya chumbani, taa ya nje mbele ya nyumba, na televisheni. Fundi aliisoma, akamsalimia bibi aliyekuwa anamenya ndizi mlangoni pa jiko, kisha akauliza swali ambalo baba hakulitarajia.

"Mzee, giza la nyumba hii liko wapi?"

Baba alisema liko sebuleni. Fundi akaomba jambo moja kabla ya kununua hata msumari. Usiku huo mtoto mkubwa achukue daftari, aandike kila baada ya nusu saa nani yuko wapi na anafanya nini. Aanze saa moja jioni hadi saa nne usiku. Huku magharibi mwa nchi jua huchelewa kuzama kuliko Dar es Salaam, kwa hiyo giza la kweli huanza baada ya saa moja.

Daftari la msichana huyo lilikuwa na kurasa mbili tu, lakini lilimaliza mabishano ya mwaka mzima. Saa moja hadi saa tatu, sebule ilikuwa tupu. Mama alikuwa jikoni muda wote. Watoto watatu walikuwa jikoni pia, wawili kati yao wakifanya kazi za shule kwa mwanga wa moto na koroboi iliyowekwa juu ya kinu kilichopinduliwa. Bibi alitoka mara mbili kwenda chooni, akishika ukuta. Baba alirudi kutoka senta saa mbili na nusu, akala, akasikiliza redio, akalala.

Baba aliposoma, alinyamaza. Bibi ndiye aliyesema: "Mwanangu, hata kovu la mkono wa huyu mtoto lilitoka jikoni, si sebuleni." Mtoto wa tatu aliungua mafuta ya taa alipoiangusha koroboi akiwa na miaka miwili. Hakuna aliyekuwa amesahau. Ila hakuna aliyekuwa amelihusisha kovu hilo na mpango wa taa.

Orodha ikabadilika. Taa ya kwanza ikaenda jikoni, ya pili sebuleni kwenye meza ya kusomea, ya tatu chumba cha bibi, ya nne kwenye njia ya chooni. Televisheni ikawekwa kando hadi msimu mwingine wa kahawa.

Hali hii haipo Nkwenda peke yake. Mtafiti Mmarekani Arne Jacobson, aliyechunguza sola za majumbani nchini Kenya na kuchapisha kazi yake mwaka 2007, aliona kwamba umeme mwingi wa mifumo midogo uliishia kwenye televisheni, redio na simu, na sehemu ya kusomea watoto ilikuwa ndogo kuliko wengi walivyodhani. Mfumo mdogo ukigawiwa bila mazungumzo, humwendea mwenye sauti kubwa.

Hesabu ya jikoni

Fundi alifanya hesabu mbele ya familia nzima, na kila mzazi anaweza kuifanya. Taa nne za wati 5, kila moja ikiwaka wastani wa saa 3, hutumia wati-saa 60. Simu mbili, wati-saa 15 kila moja, ni 30. Redio ya wati 5 kwa saa 4 ni 20. Jumla 110 kwa usiku mmoja.

Televisheni ndogo ya wati 20 ikiwashwa saa 3 huongeza 60. Jumla inakuwa 170. Umeme mwingine hupotea njiani, kwenye waya na ndani ya betri, kwa hiyo fundi aliongeza karibu theluthi moja, ikawa kama 220. Kisha akagawa kwa saa 4, kwa sababu ingawa mchana una saa 12, jua kamili la kuhesabia si zaidi ya saa 4 au 5. Ikatoka paneli ya wati 55. Alishauri ya wati 80, kwa sababu huku kuna misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba, na mawingu hayaombi ruhusa.

Kwa betri, walichagua ya volti 12 na ampea-saa 50. Zidisha, unapata wati-saa 600. Lakini betri ya risasi na asidi haifai kutumiwa zaidi ya nusu. Ukiimaliza mara kwa mara inakufa mapema. Kwa hiyo zilizopo za kutumia ni 300. Bila televisheni, zinatosha usiku mbili hata jua lisipotoka kabisa. Televisheni ikiwepo, usiku wa pili taa zinazimika kabla watoto hawajamaliza hesabu zao. Betri za lithiamu huruhusu kutumia sehemu kubwa zaidi na hudumu miaka mingi, ila bei yake ya mwanzo iko juu.

Baba aliuliza kuhusu pasi ya umeme. Pasi ya wati 1,000 ikiwashwa saa moja hula wati-saa 1,000. Hiyo ni zaidi ya siku tano za matumizi ya nyumba yote. Pasi ya mkaa ikabaki mahali pake.

Ulaya na Marekani wapo watu wanaosafiri na nyumba zao, yaani magari makubwa yenye kitanda, jiko na choo ndani, na siku hizi wengi hufunga sola juu ya paa la gari. Wana fedha zaidi, lakini hesabu ni hiihii: paa lina mwisho, betri ina mwisho, na anayependa kuchemsha maji ya chai kwa umeme atawaacha wenzake gizani. Nyumba ya bati ya Kyerwa na gari la kulala la Ujerumani hutii kanuni moja.

Juu ya bati

Siku ya kufunga, baba alitaka paneli ikae upande wa barabarani ionekane. Fundi alisimama uani saa tatu asubuhi, saa saba mchana na saa kumi alasiri, akiangalia vivuli. Karagwe na Kyerwa ziko karibu sana na ikweta, na jua hufika juu kabisa karibu saa saba mchana, si saa sita. Upande wa barabarani ulikuwa na mparachichi. Kuanzia saa tisa kivuli chake kingefunika kona moja ya paneli.

Kona moja inaonekana jambo dogo. Lakini seli za paneli zimeungwa kwa mfuatano kama watu waliopanga mstari kupokezana ndoo: mmoja akisimama, maji ya wote yanachelewa. Jani moja la mgomba likiangukia paneli linaweza kupunguza umeme kwa kiasi kikubwa kuliko ukubwa wake.

Baba alisema mti ukatwe. Bibi akasema mti huo ulipandwa na marehemu mumewe. Fundi akapima tena, akaona kwamba kusogeza paneli mita tatu upande wa pili wa paa kunatosha, ikibidi waya uongezwe kidogo. Waya mrefu hupoteza umeme, kwa hiyo alichagua mnene zaidi. Mparachichi ukabaki.

Kazi yenyewe ilikuwa na mambo ambayo mzazi anapaswa kuyaona kwa macho yake. Bati lilitobolewa kwenye mgongo wake, si kwenye bonde ambako maji ya mvua hupita, na kila skrubu iliwekewa mpira wa kuzuia kuvuja. Skrubu zilishika mbao ya papi iliyo chini, si bati peke yake, kwa sababu upepo wa kabla ya mvua unaweza kung'oa paneli na kuirusha. Kati ya paneli na bati iliachwa nafasi ya kupita hewa, maana paneli ikipata joto sana hutoa umeme pungufu. Iliinamishwa kidogo ili mvua iioshe vumbi.

Watoto walizuiwa kusogea chini ya ngazi. Hili lilisemwa mara tatu, na mara ya tatu mama alilisema kwa sauti nyingine, wakaelewa. Kupanda juu ya bati kufuta paneli ni kazi ya mtu mzima, asubuhi na mapema kabla bati halijawa la moto na wakati hakuna umande wa kuteleza. Mtoto hatumwi.

Betri nayo ilileta mjadala. Baba alitaka ikae chini ya kitanda cha watoto, mahali ambapo mwizi hafikirii. Fundi alikataa. Betri ya maji inapochajiwa hutoa hewa ya hidrojeni, na hewa hiyo ikikutana na cheche hulipuka. Ndani yake kuna asidi inayochoma ngozi na macho. Iliwekwa kwenye sanduku la mbao lenye matundu, kwenye kona ya stoo, juu ya matofali, mbali na moto na mbali na mikono midogo. Fyuzi iliwekwa karibu na betri, ili waya ukigusana vibaya ukatike hapo kabla haujawasha moto.

Kontrola, kile kifaa kinachozuia betri isijazwe kupita kiasi wala kumalizwa kabisa, iliunganishwa na betri kwanza, kisha paneli. Wakati wa kufungua, paneli hutoka kwanza. Msichana aliandika mpangilio huo kwenye karatasi na kuibandika ukutani.

Ujuzi haukutoka mbali

Wapo wanaodhani sola ni jambo lililoletwa juzi na kampuni za kulipia kidogo kidogo kwa simu. Mwaka 1984, Wamarekani wawili, Harold Burris na Mark Hankins, walifunga sola katika Shule ya Sekondari ya Karamugi, Meru nchini Kenya, na kuwafundisha vijana wa palepale kuifunga. Miaka michache baadaye, katika miaka ya 1990, Karagwe yenyewe ilikuwa na kituo cha kufundisha mafundi wa sola chini ya shirika la KARADEA. Wilaya ambayo watu wa mjini waliiona iko mwisho wa barabara ilikuwa inafundisha ujuzi huo kabla simu za mkononi hazijafika.

Kwa hiyo mzazi asikubali kuambiwa kwamba fundi wa kweli hapatikani huku. Aulizie nyumba tatu alizofunga zaidi ya mwaka mmoja uliopita, akazione. Sokoni, paneli ya mfumo wa volti 12 ikiwekwa juani na kupimwa kwa mita bila kuunganishwa na kitu, kwa kawaida husoma karibu volti 20 hadi 22. Muuzaji anayekataa ipimwe amekwisha kujibu. Na anayenunua kwa mkopo wa simu ajumlishe malipo yote hadi ya mwisho, si ya siku moja, na aulize nini hutokea akikosa kulipa wiki mbili.

Sheria za taa

Mwezi wa kwanza kila mtu alifurahi. Mwezi wa pili, majirani walianza kuleta simu kuchajiwa. Mtoto wa pili, mvulana wa darasa la tano, aliona biashara, akawa anazipokea jioni baada ya shule. Mvua za Novemba zilipokuja, mawingu yalikaa siku tatu. Usiku wa tatu kontrola ikakata umeme saa mbili, mama akiwa na sufuria ya maharage mkononi.

Hawakumchapa. Baba alimkalisha, wakafungua lile daftari la hesabu. Simu sita za majirani kwa wati-saa 15 ni 90, karibu sawa na matumizi ya taa zote na simu zao wenyewe. Mvulana alitazama tarakimu, akasema hakujua kama simu "inakula" hivyo. Wakaweka sheria: simu za majirani huchajiwa mchana tu wakati paneli inafanya kazi, na siku ya mawingu hazipokelewi. Fedha inayopatikana inawekwa kwenye kopo la kununulia maji ya betri na taa mpya.

Sheria nyingine zilikuja zenyewe. Anayetoka mwisho jikoni anazima. Taa ya njia ya chooni haizimwi mpaka bibi amelala. Redio ya baba, taa nyekundu ya kontrola ikiwaka, inazimwa hata kama ni mechi. Hiyo ya mwisho aliipendekeza baba mwenyewe, na watoto waliikumbuka vizuri kuliko zote.

Msichana alifanya mtihani wake Septemba, wiki chache baada ya taa kuwaka. Hakuna anayeweza kusema taa ya wiki chache ilibadilisha nini kwenye alama zake. Kilichobadilika kinaonekana kirahisi zaidi: mdogo wake sasa hukaa mezani na daftari wakati chakula kinapikwa, mama huona mchele unapochambuliwa, na koroboi imewekwa juu ya kabati, haina mafuta.

Televisheni bado inazungumzwa. Msimu ujao wa kahawa ukiwa mzuri, itanunuliwa, pamoja na betri ya pili, kwa sababu sasa wote wanajua hesabu ya wati-saa 60 zake. Mzazi anayepanga kununua sola mwaka huu anaweza kuanza bila fedha yoyote. Ampe mtoto wake daftari usiku mmoja, saa moja hadi saa nne, aandike nani yuko wapi. Kisha alisome akiwa na mwenzake, kabla ya kumpigia fundi simu.